Siku ya Kusi Kali Nje ya Mwamba wa Jambiani

Kila mwaka kuanzia Juni, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari za upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 katika maeneo ya pwani, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba. Vyombo vidogo huahirisha safari. Wavuvi wa ngalawa hukaa kivulini wakitengeneza nyavu, na samaki hupanda bei sokoni. Katika pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Paje hadi Jambiani, tahadhari hiyo hiyo huwafanya watu wachache wapigiane simu na kuulizana jambo moja: leo maji yanajaa saa ngapi?

Hao ni watu wa ubao wa tanga. Watalii wengi wanaofika Paje siku hizi hufuata kaiti, zile tiara kubwa zinazojaa angani mchana kutwa, na watu wa ubao wa tanga wamebaki wachache. Chombo chao ni ubao wa mita mbili na kidogo, mlingoti mmoja, tanga moja na mtu mmoja aliyesimama. Hakina usukani wala kamba ya demani. Mlingoti haukusimikwa, umeunganishwa na ubao kwa kiungo kinachopinda pande zote, na mwendeshaji ndiye anayeushikilia usilale majini. Akiuinamisha mbele, omo inaukimbia upepo. Akiurudisha nyuma, omo inauelekea. Basi, uendeshaji wote umo mikononi, kiunoni na katika nyayo.

Muundo huo uliombewa hataza mwaka 1968 na Wamarekani wawili, Jim Drake, mhandisi wa ndege, na Hoyle Schweitzer, mfanyabiashara. Lakini Mmarekani mwenzao, Newman Darby, alikuwa ameshauonesha ubao wake wenye tanga katika jarida la Popular Science mwaka 1965. Walicheza kwenye maji matulivu. Mabadiliko makubwa yalitoka Hawaii, kwenye upepo usiokatika na mawimbi marefu. Robby Naish, aliyekulia huko, alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1976 akiwa na umri wa miaka 13, na mwaka uliofuata vijana wa Kailua wakafunga kanda za miguu juu ya ubao. Kanda zile ndizo zilizoufungulia mchezo mlango wa kuingia mawimbini. Kabla yake, ubao uliporuka juu ya wimbi, mtu alikwenda upande wake na ubao ukaenda wake. Mwaka 1984 mchezo ukaingia Olimpiki, ingawa Olimpiki hadi leo ni mbio tu. Mchezo wa mawimbini una mashindano yake mengine.

Sisi wa huku tuna kusi. Upepo huu hauanzii karibu. Unasukumwa na mgandamizo mkubwa wa hewa unaokaa kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa visiwa vya Mascarene, wakati ambapo bara la Asia limeshika joto na hewa yake imekuwa nyepesi. Hewa inakwenda kaskazini, inafika pwani yetu, na nyanda za juu za bara zinaizuia isisambae magharibi. Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa John Findlater alichapisha utafiti ulioonesha kwamba sehemu kubwa ya hewa inayovuka ikweta msimu huo hupita katika njia nyembamba kandokando ya Afrika Mashariki, kisha hupinda kuelekea Bara Hindi. Nguvu yake hufikia kilele mwezi wa Julai. Kwa hiyo upepo unaotikisa minazi ya Jambiani mwezi huo ni sehemu ya safari moja na mvua zitakazonyesha India.

Manahodha wa majahazi waliyajua haya bila utafiti. Walikuja kutoka Uarabuni na kaskazi, wakarudi kusi ilipoanza au ilipokaribia kwisha, na kati yake, Juni na Julai, walivikalisha vyombo. Bahari ya huko juu, Somalia na Uarabuni, haikuwa ya mzaha miezi hiyo. Kwa hesabu ya mwaka wa Nairuzi, inayokwenda kwa makumi ya siku, walijua wakati wa kusafiri na wakati wa kupaka vyombo vyao shahamu. Makunduchi, kusini kidogo ya Jambiani, bado wanausherehekea mwanzo wa mwaka huo kila Julai kwa jina la Mwaka Kogwa.

Siku ninayotaka kuieleza iliangukia majira hayo ya Mwaka Kogwa, na ilikuwa bamvua, maji makubwa. Kwetu bamvua ina saa zake. Maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na hujaa karibu na saa kumi jioni, na tofauti ya kina inakaribia mita 4. Asubuhi wanawake wa mwani wanatembea kwa miguu hadi mbali, wakifunga mbegu kwenye kamba zilizonyoshwa baina ya vijiti. Kilimo hicho cha biashara kilianza hapa mwaka 1989, na nyumba nyingi za Paje na Jambiani zimejengwa au kusomesha watoto kwa fedha yake. Mtu wa ubao akipita juu ya kamba zile maji yakiwa haba, pezi lake linakata kazi ya wiki kadhaa. Ndiyo maana sisi hungoja maji, na tunapita katika njia ambayo wakulima wenyewe wametuonesha. Sioni ubishi wowote hapo. Wao walitangulia, na wanakula kwa bahari hiyo.

Tulikuwa watano. Fundi anayeziba mbao na kushona matanga, mwenye karakana ndogo nyuma ya nyumba ya mama yake. Mwalimu wa sekondari, mzaliwa wa Tanga, aliyeoa hapa. Dada mmoja wa Makunduchi, muogeleaji hodari kuliko sisi sote. Kijana wa Diani, Kenya, aliyekuja kutembelea jamaa na kubeba tanga lake juu ya basi kisha ndani ya boti. Na mimi. Wa sita, ambaye hakuingia majini, alikuwa mzee mvuvi aliyeacha kwenda baharini kwa sababu ya magoti. Sote tunamwita nahodha.

Alikuwa amekaa chini ya mvinje, kikoi kimefungwa vizuri, upepo ukimrushia mchanga bila yeye kujali.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba. Nani yuko na nani?"

Hiyo ndiyo salamu yake siku za kusi kali, na haondoki hapo mpaka ajibiwe. Fundi na kijana wa Diani. Mimi na mwalimu. Dada wa Makunduchi akasema atakuwa wa tatu kwetu. Nahodha akainua kidole kuelekea kanga nyekundu iliyofungwa kwenye upondo. "Nikiisimamisha hii, nyote ndani. Sitaki kusikia wimbi moja la mwisho."

Upepo wa namna ile haukadiriwi kwa sauti yake peke yake. Watu wengi hudhani upepo wa kilomita 40 kwa saa una nguvu mara mbili ya ule wa kilomita 20. Sivyo. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu inayolisukuma tanga inazidi mara nne, na dharuba moja ikipita katikati yake inaongeza tena bila kubisha hodi. Mwili wa mtu ni ule ule, kwa hiyo kinachopunguzwa ni nguo. Siku ya upepo wa wastani mtu wa kilo 75 hutweka tanga la mita za mraba 5 na nusu au 6. Siku ile tulishuka hadi 4, na dada, mwepesi kuliko sisi, akafunga lake dogo zaidi. Kijana wa Diani alitaka kubaki na tanga kubwa kwa kuwa ndilo alilokuja nalo. Fundi hakubishana naye. Aliingia karakanani akatoka na tanga lenye viraka viwili, akamwekea miguuni.

Kusi ya Jambiani inampiga kulia mtu anayetazama bahari, na inamsukuma kidogo kuelekea nchi kavu. Hili ni neema kubwa. Pwani ambayo upepo wake unavuma kutoka nchi kavu kwenda baharini humpeleka mtu aliyeharibikiwa mbali zaidi kila dakika, yetu humrudisha. Hatari yetu iko kwenye mwamba na katika mlango wake. Ukuta wa matumbawe umekwenda sambamba na pwani, na mawimbi yaliyosafiri kwenye kina kirefu hufika pale ghafla, yakakosa nafasi chini, yakasimama na kuvunjika. Maji yakijaa hupita juu ya mwamba kuingia ndani. Yakianza kutoka, hutafuta mapengo, ile milango ambayo wavuvi huipita, na mkondo wa mlangoni ukishashika, tanga dogo na mikono iliyochoka haviushindi. Basi sheria yetu ni moja: tunacheza maji yakijaa, na yakisimama tu tunatoka. Mtu asiyekubali sheria hiyo, hata awe bingwa, simtaki karibu yangu siku ya kusi.

Saa nane na nusu tuliingia. Ndani ya mwamba maji yalikuwa ya kijani, yamekwaruzwa na upepo, na ubao ulikimbia mpaka matone yakawa yanachoma usoni. Ukikaribia mwamba unasikia ngurumo kabla ya kuona chochote. Hapo unapunguza mwendo na kuangalia. Mawimbi hayaji kwa mpangilio sawasawa. Huja kwa makundi, makubwa matatu, manne, hata zaidi, kisha bahari hupumua. Kwenda kichwa kichwa katikati ya kundi ni kujitakia kuvunjika. Mwalimu alinyoosha mkono kunizuia, tukaelea joshini mwa mlango tukihesabu. Likapita la mwisho, akapiga mbinja, tukaondoka pamoja.

Povu la kwanza unalikabili kwa kuinua omo na kukunja magoti. La pili huwa refu zaidi. La tatu, kama umechelewa kidogo, limesimama mbele yako bado zima, limepauka juu kabisa pale linapotaka kuvunjika, na hapo hakuna la kufanya ila kuongeza mwendo na kuupandisha ubao. Ukiwa na kasi ya kutosha unatoka upande wa pili ukiwa hewani, tanga limeshika upepo, na kwa muda mfupi sana hakuna kelele ya maji chini yako. Kisha unatua, na unageuza shingo kumtafuta mwenzako.

Nje ya mwamba ni bahari nyingine. Mawimbi ni mapana, yamejaa, na mtu aliye upande wa pili anapotea kabisa, unabaki unaiona ncha ya mlingoti wake tu. Tulikwenda mbali kiasi, tukageuka, na hapo ndipo raha ya mchezo huu inapoanza kwa kweli. Unachagua mlima mmoja wa maji kabla haujavunjika, unaukalia mgongoni, na upepo pamoja na wimbi vinakubeba kwa wakati mmoja. Unateremka mpaka chini, unaulaza ubao kwa ubavu, unapanda tena hadi ukingoni, unaukata ukingo na kushuka. Tanga linakuwa jepesi mikononi kwa sababu sasa kasi yako inakaribia kasi ya upepo. Dada wa Makunduchi alikamata wimbi ambalo sote tulikuwa tumeliacha kwa kuliogopa. Alilipanda akazunguka mara nne, ya nne karibu kabisa na povu, akatoka pembeni akiwa amesimama. Kelele tulizopiga zilichukuliwa na upepo, lakini aliona mikono yetu.

Ndiyo sababu siamini katika mchezo huu kuchezwa na mtu peke yake, hata awe na ujuzi gani. Wimbi kama lile linahitaji shahidi. Unapomwona mwenzako akifanya jambo ulilodhani haliwezekani kwenye mwamba wenu, mwili wako unajifunza papo hapo. Na ipo sababu nyingine, nzito zaidi.

Karibu na saa tisa na nusu, kijana wa Diani alikuwa akirudi kwenye wimbi aliposhindwa kutoka kabla halijavunjika. Kuanguka si kitu; sote huanguka. Mtu hulala majini, akaliinua tanga kidogo lishike upepo, na tanga lenyewe likamtoa na kumsimamisha juu ya ubao. Lakini kundi zima la mawimbi lilikuwa nyuma yake. La pili liliuzamisha mlingoti ukagonga mwamba, ukavunjika chini kidogo ya pale mikono inaposhika. Ubao usio na mlingoti ni gogo.

Fundi alikuwa karibu, kama alivyomwahidi nahodha. Hakumwendea moja kwa moja, maana watu wawili kwenye povu moja ni mizigo miwili. Alipita juu ya mwamba, akaingia upande wa ndani na kumngoja kule ambako mawimbi yangemtupa, akimpigia kelele neno moja tu: "Ubao! Ubao!" Kijana akaelewa. Aliukumbatia ubao na kuachana na tanga. Watu hupotea kwa kuogelea kufuata kitu cha thamani, au kwa kuuacha ubao wakidhani pwani iko karibu. Ubao unaelea, nao unaonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Mawimbi mawili yalimburuta juu ya matumbawe. Alikuwa na viatu na vesti, alichubuka mapaja na kiwiko, akaingia kwenye maji ya ndani mzima.

Ufukweni nahodha alikwishasimama. Alimwona kijana akianguka, akaulinganisha mvinje mrefu na mnara wa msikiti kama anavyofanya mvuvi anayetafuta fungu lake, na kila dakika akawa anajua mtu yuko wapi na anasukumwa kwenda upande gani. Kusi inapeleka kaskazini, kuelekea Paje. Alipowatuma vijana wawili na ngalawa, tanga limekunjwa nusu, hakuwaelekeza pale kijana alipo. Aliwaelekeza pale atakapokuwa watakapofika. Walikutana naye hapo hapo, fundi akiwa pembeni yake kwenye maji ya kifuani, wakizungumza. Hata lile tanga lilipatikana baadaye likiwa limenasa kwenye vijiti vya mwani, na mama mwenye shamba alilitoa taratibu bila kukata kamba. Kanga nyekundu ilipanda. Hakuna aliyeomba wimbi la mwisho.

Nimewasikia watu wakisema huu ni mchezo wa wageni. Nauona usemi huo unawanyima watoto wa pwani kitu kilicho chao. Kitu kigumu kuliko vyote siku ya kusi kali ni kuisoma bahari: kujua kundi la mawimbi limepita, maji yamesimama, mkondo umegeuka, wingu lile lina dharuba ndani yake. Mgeni huja kujifunza hayo kwa miaka. Kijana aliyekaa juu ya tengo la ngalawa katika resi, akiinama joshini ili chombo kisipinduke, anayo tayari mwilini. Anachokosa ni vifaa. Seti mpya ya ubao, mlingoti na tanga huigharimu familia zaidi ya pikipiki mpya, na hapo bado hujalipia usafiri wala ushuru.

Afrika ina mifano ya waliovipata. Kisiwa cha Sal, Cape Verde, kilimtoa Mitu Monteiro, aliyekuwa bingwa wa dunia wa kaiti za mawimbini mwaka 2008. Morocco ina Moulay Bouzerktoun, kijiji chenye upepo mkali karibu na Essaouira, na Boujmaa Guilloul aliipeleka bendera ya nchi hiyo kwenye mashindano ya dunia ya ubao wa tanga. Upepo hata sisi tunao. Kilichosaidia ni vifaa kukaa mahali ambapo mtoto wa hapo anaweza kuvigusa kila siku.

Karakana ya fundi ni mwanzo wa jambo kama hilo. Milingoti hii hutengenezwa vipande viwili vinavyochomekana, na mara nyingi huvunjika kimoja tu. Yeye huokota vipande vizima ambavyo wageni wameviacha, akavipima, akavioanisha. Jioni ile ile alitafuta kipande cha chini kinachoendana na cha juu cha kijana wa Diani. Cha nne alichojaribu kikaingia. Wakati huo mpwa wake, binti wa miaka kumi na kitu anayeweza kuogelea kutoka ufukweni hadi kwenye ngalawa zilizotia nanga, alikuwa amesimama mlangoni akiuliza kama bamvua ijayo, wiki mbili mbele, anaweza kupewa lile tanga dogo la dada wa Makunduchi, acheze humu ndani ya mwamba tu.

Fundi akamtazama nahodha. Nahodha akamwambia binti aje, lakini siku ya kwanza atakaa naye chini ya mvinje, amfundishe kuwahesabu watu walio baharini, na ile kanga nyekundu ataishika yeye.